Nani Yuko Juu ya Ngazi?

Mtu akipita njia ya Bukavu kwenda Uvira, akishamaliza Kamanyola na Luvungi, anafika Luberizi mbele ya kuona Sange. Ni nchi ya jua kali, nchi ya muhogo, mahindi na mpunga. Ni nchi ya ng'ombe pia, maana wakati wa kiangazi wachungaji wanawashusha kutoka milimani kutafuta majani na maji ya bonde la Ruzizi. Basi kila mwaka mashamba na ng'ombe vinakutana, na vikikutana, wenyewe nao wanakutana.

Nilikuwa huko kumtembelea dada yangu aliyeolewa kule. Siku hiyo ng'ombe mmoja alikuwa ameingia katika mahindi ya mama mjane. Wakamkamata, wakamfunga chini ya mwembe, na wazee wakaitwa kukata maneno. Walihesabu mistari ya mahindi iliyoliwa. Wakauliza bei ya gunia sokoni. Wakauliza bei ya ng'ombe, kama mwenyewe akikataa kulipa. Yote hayo yalifanywa vizuri, kwa heshima, kama inavyofanywa tangu zamani.

Pembeni aliketi mtoto mchungaji, labda wa miaka 12, shati lake limelowa damu begani. Vijana walikuwa wamempiga fimbo walipomkuta na ule mnyama shambani. Saa mbili nzima hakuna aliyemwangalia.

Kijana mmoja, aliyekuwa ametoka kuchimba dhahabu Misisi, ndiye aliyekata kimya. "Bazee, munisamehe. Tunahesabu mahindi, tunahesabu ngombe. Huyu mutoto, tunamuhesabu wapi?"

Mzee mmoja akamjibu: "Mutoto si kintu ya kuuzisha. Hana bei. Njo maana hatumuhesabu."

Jibu zuri, sivyo? Lakini mtoto alikuwa bado anatoka damu.

Kukaanza mabishano ya vijana, na mimi nikasikiliza. Yule wa Misisi alikuwa na simu, na amesoma mengi. Alisema kule Amerika watu walimpeleka tembo kwenye tribinali ili ahesabiwe kama mtu. Mwingine akasema huo ni ujinga wa Wazungu, mtu ni mtu na nyama ni nyama. Wa tatu akauliza neno ambalo halijanitoka kichwani mpaka leo: "Na bale banaingiziwa mashini mu bongo, batakuwa na akili kupita sisi wote. Sasa bale njo batakuwa batu zaidi yetu? Na siye tutakuwa kama ngombe yabo?"

Wasomaji wapendwa, vijana wetu wanauliza hivyo, na si kwa mchezo. Hebu tuketi nao kidogo chini ya ule mwembe.

NYUMBA YA NYANI

Ile habari ya tembo ni ya kweli. Lakini ili kuielewa, tuanze na mtu.

Karibu mwaka 1883, katika misitu ya nchi yetu, alizaliwa mtoto aliyeitwa Ota Benga. Alikuwa mmoja wa watu wafupi wa msituni, wale ambao Wazungu waliwaita Pigme. Nchi ilikuwa chini ya Leopold wa Ubelgiji, wakati wa ukatili wa mpira. Mmarekani mmoja, Samuel Verner, alimpeleka ng'ambo pamoja na wenzake, waonyeshwe kwenye maonyesho makubwa ya mji wa St. Louis mwaka 1904. Miaka miwili baadaye, Septemba 1906, Ota Benga alijikuta New York, katika bustani ya wanyama ya Bronx. Wakamweka katika nyumba ya nyani, pamoja na orangutani. Nje wakaweka kibao chenye umri wake, urefu wake na uzito wake, na kwamba ataonyeshwa kila alasiri ya mwezi huo. Watu kwa maelfu walikuja kumwangalia. Walimcheka, wengine walimchokoza.

Waliofanya hivyo hawakuwa walevi wa barabarani. Walikuwa watu wa elimu. Siku zile wataalamu wengi waliamini kwamba viumbe vyote vimepangwa kama vidato vya ngazi: chini wadudu, juu kidogo nyani, halafu mtu mweusi, na kileleni Mzungu. Watu wa msituni waliwekwa kwenye kidato karibu kabisa na nyani. Kwa hiyo, kwao, kumweka Ota Benga pale ilikuwa kama somo la shule.

Walionyanyuka kumtetea walikuwa wachungaji weusi wa mji ule, akiwemo James Gordon, aliyesimamia nyumba ya mayatima weusi Brooklyn. Kabla mwezi haujaisha Ota Benga alitolewa, akapelekwa kwa Gordon. Baadaye alihamia Lynchburg, Virginia. Meno yake, yaliyochongwa kwa desturi ya kwao, yalifunikwa ili asichekwe. Alifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Alitaka kurudi Kongo, na hakurudi. Tarehe 20 Machi 1916 alijipiga risasi ya moyo.

Shirika linalomiliki bustani ile, ambalo leo linaitwa Wildlife Conservation Society, liliomba msamaha hadharani Julai 2020. Hesabuni wenyewe: miaka 114.

Sasa tembo. Katika bustani ile ile ya Bronx, mwaka 1977, aliletwa tembo jike aliyekamatwa akiwa mdogo huko Asia. Walimpa jina Happy, yaani Furaha. (Alikuwa na wenzake sita, na wote saba walipewa majina ya vile vibete saba vya hadithi ya Wazungu. Kwa majina, watu wale hawakuchoka kufanya mchezo.) Mwaka 2005 wataalamu waliweka kioo kikubwa mbele yake, wakampaka alama nyeupe juu ya jicho. Alipojiona katika kioo, alinyanyua mkonga na kuigusa ile alama kwenye kichwa chake mwenyewe, tena na tena. Yaani alijua: yule ni mimi. Mbwa wako na mbuzi wako hawafanyi hivyo. Hata mtoto wa binadamu hafanyi mpaka afikie mwaka mmoja na nusu hivi.

Basi kikundi cha mawakili kilishitaki mwaka 2018, kikisema mnyama anayejitambua hivyo asifungiwe maisha yake yote. Walitumia sheria ile ile ambayo zamani ilitumika kuwafungua watumwa. Kesi ilifika tribinali kuu ya jimbo la New York, na tarehe 14 Juni 2022 waamuzi watano walikataa, wawili wakakubali. Watano walisema sheria ile ni ya binadamu, wala haimhusu tembo.

Yule kijana wa Misisi alisimulia habari hii kwa kushangaa, na wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Mwaka 1906, penye kile kiwanja, Mkongomani alihesabiwa kama nyani. Mwaka 2022 waamuzi waliulizwa kama tembo wa pale pale ahesabiwe kama mtu. Ukitazama maneno hayo mawili kwa haraka utasema dunia imegeuka juu chini. Lakini swali ni lile lile, na hata kipimo ni kile kile: huyu anaweza nini? Ana akili kiasi gani? Tumweke kwenye kidato gani?

MLIMANI KWETU

Hatuhitaji kwenda New York. Ukiwa Bukavu, siku ya anga safi, unaona mlima Kahuzi.

Pariki ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, ili kulinda gorila wa mashariki. Mwaka 1975 iliongezwa, ikafika kilometa za mraba 6,000 hivi. Mwaka 1980 Unesco iliiweka kati ya mali ya dunia nzima. Gorila wale wakawa fahari yetu. Wazee wanakumbuka noti ya zaire 50,000, iliyotoka mwaka 1991: upande mmoja Mobutu, upande mwingine gorila na jamaa yake.

Lakini ndani ya msitu ule walikuwamo watu. Batwa waliishi pale tangu mababu: uwindaji wao, dawa zao, makaburi yao. Miaka ile ya 1970 walitolewa, bila shamba la badala, bila fidia. Watu wa msitu wakawa vibarua na waombaji pembezoni mwa msitu wao wenyewe. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa.

Kuna jambo moja linaniumiza kuliko mengine. Gorila wa Kahuzi walipewa majina. Dume kubwa Maheshe, aliyeuawa mwaka 1993, alijulikana na watalii wa dunia yote. Walihesabiwa mmoja mmoja: mwaka 1996, katika sehemu ya milima ya pariki, walikuwa 245. Sasa uliza Batwa waliofukuzwa walikuwa wangapi. Wengine watakuambia 3,000, wengine 6,000. Hakuna aliyesimama mlangoni na karatasi kuandika majina yao wakati wanatoka.

Je, basi gorila ni adui? Mtu asiseme hivyo. Gorila hakumfukuza mtu yeyote. Na ngojeni tuone jinsi naye alivyotendewa. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya coltan ilipanda kama wazimu, kwa sababu ulimwengu ulitaka simu na michezo ya televisheni. Maelfu ya wachimbaji waliingia ndani ya pariki, pamoja na wenye bunduki. Vijana wale walikula nini? Walikula nyama ya pori. Tembo wa milimani karibu waishe wote. Wale gorila 245 wakabaki kama 130. Na gorila hao wote wa mashariki ya Kongo, ambao kabla ya vita walikadiriwa kuwa 17,000 hivi, hesabu ya mwaka 2021 iliwaweka kwenye 6,800.

Wengine kati yenu mnaosoma gazeti hili mlikuwa huko. Sitaki kuwahukumu. Mtu mwenye njaa shimoni, mwenye deni kwa mwenye duka na mtutu wa bunduki nyuma yake, hana nafasi kubwa ya kuchagua. Lakini tuseme ukweli: ilikuwa ni mnyama asiyezaa haraka, anayebeba mtoto wake mgongoni kama mama wa kwetu, na tuliweka sumu ya vita vyetu ndani ya nyumba yake.

Kwa hiyo pale Kahuzi palionekana makosa mawili, na yote mawili ni ya watu. Kwanza waliwatoa binadamu kama vile si kitu, ili mnyama akae. Halafu wakamwua mnyama kama vile si kitu, ili mawe yatoke. Kila mara kulikuwa na mtu mbali aliyepata faida, na hakuwa Mtwa wala gorila.

Mambo yamesogea kidogo. Mwaka 2018 baadhi ya Batwa walirudi ndani ya msitu kwa nguvu, na damu ilimwagika, yao na ya walinzi. Tarehe 15 Julai 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za watu hao. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu: Kongo iliwakosea Batwa wa Kahuzi-Biega, irudishe ardhi, ilipe, iombe msamaha. Karatasi ipo. Ardhi ni neno jingine.

Na hapa nina neno dogo kwa wanaopenda kufuata nyuzi. Mwaka 2022 serikali ilitia sahihi mapatano na shirika moja la kigeni kusaidia kuongoza Pariki ya Kahuzi-Biega. Ni shirika gani? Ni lile lile la bustani ya Bronx. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Wanaofanya kazi huko leo hawakumfungia Ota Benga, na gorila wanahitaji rafiki. Nasema tu kwamba mwenye historia hiyo atembee polepole anapoingia katika msitu wa Batwa.

MASHINI KATIKA BONGO

Turudi kwa swali la yule kijana wa tatu, maana ndilo lililonisumbua zaidi.

Januari 2024, huko Marekani, kampuni Neuralink ilipachika kifaa ndani ya bongo la mtu aliyepooza kuanzia mabegani. Akifikiri, kishale cha kompyuta kinasogea. Alicheza hata sataranji kwa mawazo tu. Machi ya mwaka huo huo, huko Boston, mgonjwa alipewa figo ya nguruwe iliyobadilishwa mbegu zake ili mwili wa mtu usiikatae. Aliishi nayo miezi miwili hivi. Na Novemba 2018, China, mtaalamu He Jiankui alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliowabadilisha mbegu za urithi kabla hawajawekwa tumboni, wasiweze kushikwa na virusi vya ukimwi. Dunia ilikasirika, na Desemba 2019 alihukumiwa miaka mitatu ya kifungo.

Mambo haya hayafanani, na msiyachanganye. Kumpa aliyepooza njia ya kuandika ni kuponya. Pale Bukavu, katika kituo cha Heri Kwetu, watu waliopoteza mguu wamepewa mguu mwingine wa kutengenezwa, wakatembea. Nani atasema mguu ule umempunguzia mtu utu, au umemzidishia? Lakini kubadilisha watoto ambao hawajazaliwa ili wawe bora kuliko wengine, hilo ni jambo tofauti. Huko ndiko matajiri wanaweza kuanza kununua akili, nguvu na maisha marefu kwa watoto wao, kama vile wanavyonunua gari.

Na ni nani anayetoa vifaa? Katika mawe ya coltan mnayoosha mtoni kuna tantali. Iko ndani ya simu, ndiyo, lakini iko pia ndani ya vidude vinavyosukuma moyo mgonjwa, na ndani ya vifaa vya masikio vya watu wasiosikia. Waganga wanaitumia kutengenezea sehemu za mifupa, kwa sababu mwili wa mtu hauikatai. Fikirini hilo. Jiwe lililotoka Numbi, kwenye mgongo wa kijana aliyelipwa makuta kidogo, linaweza kuwa leo mfupa wa mtu asiyejua Numbi iko wapi. Mimi naona ni jambo la kufurahisha na kuumiza kwa pamoja. Mtu aliyetengenezwa upya amebeba sehemu ya mlima wetu, na bado aliyemchimbia anaonekana kama yuko kwenye kidato cha chini.

Wako waalimu wakubwa wanaofikiri juu ya mambo haya. Peter Singer, wa Australia, alitoa kitabu mwaka 1975 akitetea wanyama. Hoja yake ya kwanza ni nzito na nadhani ana haki: maumivu ni maumivu, na huwezi kuyadharau eti kwa sababu anayeumia ana manyoya. Lakini anaendelea. Anasema linalofanya kuua kuwe kosa kubwa zaidi ni uwezo wa kujitambua na kupanga maisha ya kesho. Ukifuata njia hiyo, mtoto mchanga mwenye ulemavu mkubwa wa akili anaweza kuwekwa chini ya sokwe mzima. Mwaka 1999, alipoanza kufundisha Princeton, watu wenye ulemavu walifika na viti vyao vya magurudumu kuandamana. Waliona mbali. Walijua kwamba ngazi ikisimamishwa, wao ndio watakaotafutiwa kidato.

Wengine sasa wanaendelea hata kupita hapo. Kama akili ndiyo inayompa kiumbe heshima, wanauliza, je, watu watakaotengenezwa wenye akili mara mbili ya yetu hawatastahili heshima mara mbili? Hapo ndipo lile swali la Luberizi linapoingia. Yule kijana hakusoma vitabu hivyo, na aliona moja kwa moja: wao juu, sisi ng'ombe wao.

Jibu langu kwake, kama angeniuliza mimi, ni hili. Mwanangu, ngazi hiyo tunaijua. Tulishawekwa juu yake. Ota Benga alipimwa urefu na uzito na kuwekwa kwenye kidato. Kila aliyeijenga alijenga akiwa amesimama kileleni. Hakuna hata mmoja aliyeipanga akajiweka chini. Wakija kesho na ngazi mpya, yenye mashini na mbegu bora, tusiulize tuko kwenye kidato cha ngapi. Tukatae ngazi yenyewe. Mama akiwa na watoto wanne, mmoja daktari na mmoja asiyeweza kujilisha, ukimwuliza yupi ni mtoto wake zaidi, atakufukuza na mwiko.

Na mnyama? Watu wanaogopa kwamba tukimheshimu mnyama tutamshusha mtu. Sioni hivyo. Someni mwisho wa kitabu cha Yona. Mungu anamweleza nabii mwenye hasira kwa nini hakuangamiza Ninawi: anataja watu wake zaidi ya elfu mia na ishirini, na halafu, neno la mwisho kabisa la kitabu, anataja mifugo. Hakuwalinganisha. Hakuna aliyenyimwa huruma ili mwingine apate. Tembo Happy hakuhitaji kuitwa mtu ili tuseme kwamba si vizuri kumfungia mnyama wa mwenendo mrefu katika kiwanja kidogo maisha yake yote. Ilitosha kuitwa tembo.

MUTARULE

Niliandika juu ya bei ya ng'ombe, na watu wa bonde wanajua kwa nini haikuwa mchezo. Si mbali na Luberizi iko Mutarule. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wasiopungua 30 waliuawa pale, wengi wao katika ibada, watoto pia. Habari za siku zile zilisema chanzo kilikuwa ugomvi wa ng'ombe. Wenyeji wanajua kwamba mizizi yake ilikuwa mirefu kuliko hiyo: ardhi, usultani, vita vya miaka mingi, na ile desturi ya kumwita jirani kwa majina ya wanyama. Sitayaandika majina hayo. Mnayajua: majina ya nyoka na ya wadudu. Anayemwita mwenzake hivyo amekwisha kumshusha ngazi, na akishamshusha, mkono haumzuii tena.

Ndiyo maana, pale chini ya mwembe, niliogopa nilipoona damu begani mwa mtoto na hakuna anayeangalia. Mtoto alikuwa wa kabila jingine. Nisiwafiche.

Mzee aliyesema mtoto hana bei alinyamaza muda mrefu. Halafu akasimama, akaegemea fimbo yake. "Sawa," akasema. "Huyu kijana amesema neno. Mbele ya yote, mulete maji, banaoshe kidonda ya mutoto. Na ile ngombe nayo, tangu asubui iko kwa jua. Muifungue ikunywe. Kiisha tutarudilia mahindi."

Kijana wa Misisi mwenyewe alikwenda na bido mtoni. Ng'ombe alimaliza mbili, akataka ya tatu. Aliyemwosha mtoto ni yule mama mjane, maana nyumba yake ndiyo ilikuwa karibu. Alileta kitambaa safi na chumvi kidogo, akamvua shati, akamwosha taratibu mpaka damu ikakauka; na muda wote huo hakunyamaza hata kidogo kulalamikia mahindi yake, mstari kwa mstari, naye mtoto akimjibu, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama."